Magugu Aliyoyang'oa Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa kuchemka haraka, na kazi yangu ni ya kungoja. Mke wangu husema Mungu alifanya mzaha aliponitupa kwenye biokemia ya mimea. Niko katika maabara moja mjini Kitale, nikichunguza flavonoidi, yaani kemikali ambazo mmea hujitengenezea mwenyewe, na ambazo mara nyingi ndizo zinazoupa rangi nyekundu au ya zambarau. Wewe jua likikuchoma unakimbilia kivulini. Mmea utaenda wapi? Jua likizidi na maji yakiisha, majani huanza kujiunguza kwa ndani, na hapo flavonoidi huingia kazini: nyingine hukinga mwanga mkali usipenye, nyingine husafisha sumu ambayo jani lililochoka hutoa. Nikianza kueleza haya harusini watu huhama meza, lakini mimi sichoki.

Basi mwaka mmoja nilinunua gorogoro ya wimbi, yaani kopo la kilo mbili, sokoni Chwele, ya uji wa watoto. Nikachota konzi moja, nikaipanda kwenye makopo nyuma ya maabara, bila mpango wowote wa maana. Pasaka ikaja, nikaenda nyumbani, nikasahau kabisa kwamba kuna kitu kinaitwa kumwagilia. Niliporudi makopo yote yalikuwa yamekauka, isipokuwa miche minne. Hiyo minne ilikuwa imelegea tu, na pale chini mguuni, shina linapokutana na udongo, ilikuwa na rangi kama ganda la kitunguu chekundu. Niliita kila mtu aje aone, mpaka askari wa getini. Askari akatazama akasema, "Ni nyasi, daktari."

Niliilea ile miche mpaka ikatoa punje. Ndege walikula nyingi, ukungu ukala nyingine, nikabaki na mbegu za kujaa kijiko kimoja cha chai. Nilirudi Chwele kumtafuta aliyeniuzia, nikampata, akaniambia wimbi lake hununua kwa watu wengi na kuchanganya, hata hajui lile lilitoka wapi. Kwa hiyo kile kijiko ndicho nilichokuwa nacho duniani. Mkuu wangu wa maabara, mama mmoja mtaratibu anayening'iniza miwani shingoni, aliniambia niweke nusu kwenye friji. Nikamwambia sawa. Kisha nikapanda yote.

Nilikuwa na sababu, au nilidhani ninayo. Mradi ulikuwa umebakiza msimu mmoja tu. Nikipata matokeo, kazi inaendelea, nisipopata, naondoka. Nilitaka miche mingi, nilitaka ushahidi usio na ubishi, na nilitaka yote mara moja. Huyo ndiye mimi.

Shamba nililikodi kwa mwalimu mstaafu kule Bumula, Bungoma, kwa sababu udongo wake ni wa mchanga na jua lake halina huruma. Ni kama kilomita mbili kutoka kwa wakwe zangu, jambo lililowapa watu wa huko kazi ya kunicheka, ati mkwe amehamia. Niligawa shamba katika vitalu, vinne vya mbegu yangu na vingine vya wimbi la kawaida la kijani, kila kitalu na kigingi chenye namba, na sikumwambia mtu yeyote kitalu kipi kina mbegu gani. Ndivyo tunavyofanya. Ukimwonyesha mtu mche ulio wa maana kwako, mkono wake utaupendelea bila mwenyewe kujua.

Hapa lazima niseme juu ya mama mkwe. Kwetu Wabukusu mwanaume na mama mkwe wake hawazoeani. Hamshikani mikono, hamli mezani pamoja, na mkikutana njiani mmoja hupisha. Si chuki, ni heshima. Siku hizi wengi wamelegeza, hasa wa mjini, lakini mama mkwe wangu ni mtu wa zamani. Kwa miaka kumi na mmoja ya ndoa yetu, maneno yake yote kwangu yalikuwa yamepitia kwa mke wangu. "Mwambie mkwe chai iko tayari." Nami nimekaa hatua kumi kutoka pale, nasikia kila neno, namjibu mke wangu, "Mwambie mama nashukuru."

Mwezi wa tano mvua ikakatika. Watu wote wa Bungoma walikuwa wanaomba mvua makanisani na msikitini, na nadhani ni mimi peke yangu niliyekuwa nafurahi. Wimbi langu lilikuwa linaingia kwenye shida niliyoitaka. Nilikata ncha za majani machache kutoka kila kitalu, nikazigandisha, nikapanga kurudi jua likishachoma vizuri nikate nyingine, nilinganishe. Tatizo lilikuwa magugu. Vibarua wangu walikuwa wameenda matangani na hawakuonekana wiki nzima. Nilimlalamikia mke wangu kwa simu. Alikuwa kwao, amempeleka mtoto kumwona nyanya yake. Akasema pole, nikasahau.

Alhamisi iliyofuata nilitoka Kitale na pikapu ya maabara, mtungi wa nitrojeni ya maji umefungwa nyuma kwa kamba. Hiyo ni nitrojeni iliyobanwa ikawa baridi kuliko barafu yoyote. Ukitumbukiza jani humo, linaganda papo hapo. Nilisimama Misikhu kununua mahindi ya kuchoma. Muuzaji aliona moshi mweupe ukitoka mtungini akauliza nimebeba nini. Nikamwambia ni hewa.

"Ati hewa? Si hata hapa iko, bana," akasema, akanipa mahindi.

Nilifika Bumula naimba. Na shamba, jamani, lilikuwa safi kama uwanja uliofagiliwa kwa ajili ya harusi. Hakuna gugu. Wimbi limepunguzwa vizuri pale liliposongamana, udongo umelainishwa, vigingi vyote vimesimama wima. Nilifurahi kwa dakika nzima. Kisha nikafika kigingi cha nne na kuona udongo mtupu. Nikakimbia mpaka cha tisa. Udongo mtupu. Cha kumi na tatu, cha kumi na nane, vilevile. Vitalu vinne vya ile mbegu yangu yenye mguu mwekundu, hakubaki hata mche mmoja, na vimesawazishwa kwa jembe kwa ustadi mkubwa.

Nilimpigia mke wangu. Sikusalimu.

"Nani ameingia shambani?"

"Ni mama," akasema, na niliisikia furaha kwenye sauti yake. "Alikuja Jumamosi na akina mama wa kanisa. Walianza mapema wakamaliza kabla ya saa tano, ndio msikutane. Alitaka kukushtukiza. Si umeona vile wamefanya vizuri?"

"Wameng'oa mbegu yangu."

"Gani? Ile ya mguu mwekundu?"

"Ile."

"Lakini Baba Watoto, ile si mwitu?"

Hapo ndipo nilipojua nilichopaswa kujua kabla ya kushika jembe. Mimi ni mtoto wa mahindi. Nimekulia Kitale, na wimbi nililijua likiwa ndani ya kikombe. Kumbe kuna wimbi mwitu, gugu linalofanana na wimbi la chakula mpaka likikomaa, ndipo linapopukutisha punje zake chini zote usipate hata ya kuonja. Na pande zile za Bumula msichana akipelekwa kupalilia mara ya kwanza huonyeshwa jambo moja: ukiona mguu mwekundu, ng'oa. Langu halikupukutika. Nililiona likikomaa kwa macho yangu kwenye makopo, lilikuwa wimbi halali. Lakini nani angengoja likomae? Hata nilianza kuelewa kwa nini mbegu ile ilikuwa adimu. Ile rangi iliyoisaidia kwenye jua ndiyo iliyokuwa inaimaliza kwenye palizi.

Mke wangu aliendelea, sasa kwa sauti ndogo. Mama yake alipofika kitalu cha nne alishika kichwa. Akawaambia wenzake, "Huyu mtoto wa Kitale wamemuuzia mwitu sokoni, na amepanda kwa laini kabisa. Majirani wakiona watamcheka." Akawahimiza wang'oe haraka kabla ya watu kuamka wapite njiani. Alikuwa ananiokoa na aibu.

Sasa niambie, hasira hiyo unaipeleka wapi? Angekuwa kibarua ningefoka mpaka Chwele wasikie. Lakini mama mkwe, ambaye hata habari ya asubuhi siwezi kumpa mwenyewe? Nilipiga teke debe la maji nikidhani ni tupu. Lilikuwa limejaa. Nikaketi chini nimeshika kidole cha mguu, na nilihisi nataka kulia, si kwa kidole. Kijiko changu kilikuwa kimeisha. Kazi yangu pia.

"Muulize mama magugu waliyatupa wapi," nikasema mwishowe.

Jibu lilikuja baada ya muda, limepita kwa mtu wa tatu kama kawaida. "Anasema usijali. Wameyatupa kwenye jiwe, yasiote tena."

Mwisho wa shamba la mwalimu kuna jiwe pana, tambarare, lenye ukubwa wa chumba. Mchana huwezi kulikanyaga pekupeku. Juu yake kulikuwa na lundo la magugu la tangu Jumamosi, siku tano za jua kali. Nililipekua kwa mikono miwili. Nyasi zilikatika kama vijiti vya kiberiti. Wimbi la kijani, lile la kawaida walilolipunguza, lilikuwa limekuwa tumbaku. Kisha nikashika mche mmoja wenye mguu mwekundu, nikaukunja kwa nguvu, tayari kuusikia ukivunjika.

Haukuvunjika. Ulipinda. Nikaukwaruza mguuni kwa ukucha, na ndani ulikuwa na unyevu.

Haki ya nani, nilipiga magoti juu ya lile jiwe la moto na sikuhisi kitu. Nikaukwaruza mwingine, na mwingine. Si yote iliyokuwa hai; mingi ya juu ya lundo ilikuwa imeungua. Lakini mingi ya katikati na pembeni ilikuwa hai, wakati ile ya kijani iliyolala ubavuni mwake, iliyong'olewa pamoja nayo, asubuhi moja, jiwe moja, jua moja, ilikuwa imekufa yote niliyoishika. Nilianza kucheka peke yangu. Mwalimu mstaafu alitoka nyumbani kwake akasimama mbali kidogo, akauliza kama niko sawa. Nikamwambia, "Mwalimu, hawa wamekataa kufa." Akarudi ndani.

Kwa kuogopa kuidhoofisha zaidi nilikata ncha za majani machache tu, pamoja na za ile ya kijani iliyokufa, nikazitumbukiza kwenye nitrojeni. Miche yenyewe, mia moja na kumi na saba, niliipanda upya jioni hiyohiyo kwenye vile vitalu vitupu, nikabeba maji kwa lile debe lililoniumiza.

Kitale, kesho yake, niliponda majani, nikayaloweka, nikayapitisha kwenye mashine inayotenganisha kemikali na kuzichora moja moja kama milima kwenye skrini. Kwanza majani ya mguu mwekundu ya kabla ya jua kali: vilima vidogo. Kisha ya kijani yaliyokaushwa na jiwe: vilima vidogo vilevile, vimeongezeka kidogo tu. Kisha ya mguu mwekundu kutoka juu ya jiwe. Mstari ukaanza kupanda, ukapanda, ukatoka nje ya skrini. Mmea uliokuwa umeng'olewa, uliokuwa unakufa, ulikuwa umetumia nguvu zake za mwisho kujitengenezea kinga. Nilipiga meza kwa kofi mpaka chupa zikaruka. Mkuu wangu alikuja, akavaa miwani, akatazama kwa muda mrefu.

"Hii ni hadithi nzuri sana," akasema. "Lakini ni takataka ya juu ya jiwe. Hukupanga wewe, hukuhesabu iliyotupwa, hujui ipi ililala juu na ipi chini. Niletee jaribio, nami nitakuombea msimu mmoja zaidi. Mbegu unazo?"

Nikasema ninazo mia moja na kumi na saba, zikiishi.

Nusu ilikufa. Nusu ikaishi, na mwezi wa nane nikavuna kikombe kizima cha mbegu. Safari hii niliweka nusu kwenye friji siku hiyohiyo, na mkuu akaenda kuhakikisha kwa macho yake.

Lakini kule Bumula mambo hayakuwa mazuri. Mke wangu alikuwa amemwambia mama yake ukweli wa kile alichong'oa, na mama alikuwa ameanguka moyo. Nikifika kwao hakukuwa tena na "mwambie mkwe." Alijifungia jikoni mpaka niondoke. Aliacha kwenda kwenye kikundi cha kanisa, kwa sababu yeye ndiye aliyewaongoza wenzake. "Nimeharibu kazi ya mtoto wa watu," alikuwa akisema. Nilimtuma mke wangu mara tatu kumweleza kwamba hakuharibu, kwamba alichonifanyia mimi nisingethubutu hata kukiandika kwenye ombi la mradi, kwamba nimefurahi kuliko siku niliyopata digrii. Jibu likarudi lilelile. "Mwambie mkwe ana adabu. Lakini asinidanganye kama mtoto."

Jambo hilo lilinikera kuliko nilivyotegemea. Nilikuwa na habari nzuri kuliko zote maishani mwangu, na mtu niliyetaka kumpa hakuweza kuniamini, kwa sababu nilimheshimu mno.

Msimu uliofuata ulipokaribia nilimwambia mke wangu, "Nataka mama aje ang'oe tena."

"Wewe una wazimu?"

"Ang'oe vilevile alivyong'oa. Mia moja nyekundu, mia moja kijani. Hakuna mkono Bumula nzima unaong'oa kama wake."

Mama alikataa. Akakataa tena. Mara ya tatu akatuma neno: "Mwambie nitakuja. Lakini kama zitakufa, nisimwone tena hapa kwangu na chai yangu asiinywe." Mke wangu alinipa ujumbe huo akitazama pembeni. Niliona ni bei kubwa, nikakubali.

Alikuja mwezi wa tano, jua likiwa limeshika. Alianzia upande wake wa shamba, mimi nikakaa upande wangu na daftari, na mke wangu akawa anakimbia katikati. Mwambie akung'ute udongo wote. Muulize anataka nikung'ute mara ngapi. Mwambie mara tatu, nyekundu na kijani sawasawa. "Mtaniua miguu, nyinyi wawili," mke wangu akasema. Nilimwona mama akifika kwenye mstari mwekundu na mkono wake ukisita, kisha ukang'oa, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Tuliitandaza juu ya jiwe, mmoja mmoja, usilalie mwenzake. Siku ya tano tukaipanda upya kwenye kitalu kimoja, tukaimwagilia. Baada ya hapo ni kungoja wiki moja kuona upi utachipua jani jipya. Utakaochipua uko hai, mwingine umekufa.

Wiki hiyo sikulala vizuri hata siku moja. Mbegu nilikuwa nazo kwenye friji, kazi ningeweza kutafuta nyingine. Nilichokuwa naogopa kilikuwa kule jikoni kwa mama mkwe.

Asubuhi ya siku ya saba niliacha pikapu kwa mwalimu nikaenda kwa miguu, peke yangu, maana mke wangu alikuwa amebaki Kitale na watoto. Mama alikuwa amenitangulia. Alikuwa ameketi chini kando ya kitalu, amenipa mgongo, leso begani, akipitisha kidole juu ya kila mche. Nilisimama hatua kumi, nikakohoa ajue niko. Hakugeuka, wala hakuacha. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

Alimaliza mstari wa kijani. "Sita," akasema, akiuambia udongo. Nikaandika sita. Akasogea kwenye mwekundu. Nilijaribu kuhesabu naye kwa macho, nikapotea, nikaanza upya, nikapotea tena.

"Sabini na moja," akasema. Akarudisha kidole nyuma. "Na hizi zingine mbili ziko zinafikiria."

Nikaandika sabini na moja.

"Kumbe hakuwa ananidanganya," akasema.

Kisha akavuta leso akajifunika uso, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilitaka kwenda. Nilipiga hatua moja nikasimama, kwa kuwa kwa mama mkwe hakuendwi. Na hapakuwa na mtu wa kutupelekea maneno. Basi nikaketi pale upande wangu wa kitalu, daftari magotini, nikalia na mimi.